Kurasa za Mwali

Jumatatu, 3 Machi
Friji: asubuhi 4, jioni 5.
Mvua imeanza. Ndoo tatu: moja chini ya saa ya ukutani, moja mlangoni pa stoo, moja juu ya kitanda changu mwenyewe. Mkaguzi wa dawa ameniamuru niandike joto la friji mara mbili kwa siku kwenye daftari hili, na safu ya "maelezo" wameiacha pana kama uwanja wa mpira. Haya, maelezo wanayataka, watayapata. Nina miaka sitini na mmoja, magoti mabovu, na sina mtu wa kumwambia chochote jioni.

Jumanne, 4 Machi
Friji 5, 5. Mvua. Magoti.

Ijumaa, 7 Machi
Friji 5, 6.
Amekuja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Hakupiga hodi, yeye hapigi. Nyumba hii ilijengwa na baba yao, mfamasia wa kwanza wa mji huu, ambaye sisi wote tulimwita Mzee tu. Mbele ni duka la dawa lenye droo mia na ishirini za mbao nyeusi, nyuma ni vyumba viwili ninamolala na kupika. Nusu ni ya wifi kwa urithi, nusu yangu kwa ujane.

"Wifi, tuuze," akasema kabla hajakunja mwavuli. "Mwenye Saruji yuko tayari kununua. Mvua zikiisha tu anabomoa, anapandisha ghorofa."

"Karibu kiti."

"Hii nyumba inakula watu. Imemla baba, imemla kaka, sasa inakutafuna wewe."

"Mimi inanitafuna magoti tu."

"Cheka. Utapata chumba kizuri, kikavu."

"Kwa nani?"

Akakunja mwavuli. Jibu tunalijua wote wawili. Mwenye watoto huenda kwa wanawe. Mimi nikitoka hapa naenda wapi, kituo cha mabasi? Lakini nusu ni yake, na akishikilia kuuza sina cha kumzuia nacho.

Jumatano, 12 Machi
Friji 4, 5.
Leo kaja binti mmoja wa ofisi ya mambo ya kale, ana buti za mpira na utepe wa kupimia shingoni. Amepima droo, amepima dirisha la kutolea dawa, kidogo anipime na mimi. Anapapasa mbao huku akinong'ona, "Jamani, jamani." Kisha akaniambia neno moja lililoniketisha: nyumba ikiingia kwenye orodha ya urithi, hakuna wa kuivunja, awe na nusu, awe na robo. Kamati inakaa tarehe thelathini Aprili.

Nilimpa kiti kisichoyumba. Heshima kubwa zaidi ya hiyo humu ndani sina.

Alhamisi, 13 Machi
Friji 9. Umeme hakuna. Chanjo nimezikimbiza hospitali kwa miguu yangu mwenyewe, ndani ya boksi la barafu, huku mvua ikinichapa. Mkaguzi akisoma hapa ajue.

Jumanne, 18 Machi
Friji 5, 5.
Binti wa Mambo ya Kale ameyafungua madaftari ya Mzee. Ilibidi nimweleze. Mzee hakuandika jina la mgonjwa hata siku moja. Kila aliyekuja dirishani alipewa jina lake la dawa, na hilo ndilo lililoandikwa: Kanzu Fupi, Saa Sita, Mguu wa Kiti, Bibi Kelele. Lengo lilikuwa mtu akichungulia daftari asijue nani anaumwa nini. Kila mtu alilijua lake, la jirani hakulijua. Mimi niliyesimama dirishani miaka thelathini na tano nayajua yote, na ya kabla yangu alinifundisha Mzee mwenyewe.

"Droo kama hizi ziko kila mji," binti akasema, macho yanawaka. "Lakini daftari kama hili sijaliona popote. Hili ndilo litakaloiokoa nyumba. Ila Bi Dawa, bila wewe ni majina ya mchezo tu. Tukae, unitajie kila jina ni nani, nirekodi."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Njaa ya mahali pa kulala haina adabu.

Alhamisi, 20 Machi
Friji 5, 5. Redio ya mji imetangaza: "Siri za duka kongwe la dawa kuwekwa wazi." Binti anaapa hakusema hivyo. Najua. Redio haihitaji kuambiwa.

Ijumaa, 21 Machi
Friji 5, 6.
Fundi cherehani amenunua plasta moja. Akasimama. Akatazama mvua. "Bi Dawa, lile daftari... na mimi nimo?"

Jumamosi, 22 Machi
Friji 5, 5.
Wanane leo, na kila mmoja plasta moja. Muuza mkaa, mama wa kwenye kibanda cha simu, yule dereva mstaafu anayejifanya kiziwi. Wote wanaanza na hali ya hewa. Wote wanamaliza na "na mimi nimo?" Plasta zimekwisha. Mji mzima haujajikata popote.

Jumatano, 26 Machi
Friji 6, 6.
Mwalimu mkuu wa zamani amekuja kwa fimbo yake, mwavuli umekunjwa, amelowa chapachapa. Nusu ya mji huu alituchapa viboko. Kwenye daftari yeye ni Saa Sita, kwa sababu alikuja siku zote saa sita kamili, barabara ikiwa tupu. Nani asiyejua ugonjwa wa aibu unaoletwa saa sita? Alikuwa kijana, akapona, akaoa, basi.

Hakuuliza kama yumo. Alisema, "Mke wangu anasoma kila kinachobandikwa ukutani. Hata matangazo ya mbolea." Akaomba vidonge vya kichwa, akavisahau juu ya kaunta. Nilimwita, hakugeuka. Nimechoka na mji huu na nimeuonea huruma, vyote siku moja.

Jumamosi, 29 Machi
Friji 5, 5.
Kikao cha kwanza. Binti kaweka kinasa sauti kati yetu.

"Kanzu Fupi ni nani?"

"Nimesahau."

"Mguu wa Kiti?"

"Nimesahau."

"Bi Dawa, juzi uliniambia unawajua wote."

"Juzi mvua ilikuwa ndogo."

Akazima kinasa. Hakukasirika, na ni afadhali angekasirika. Aliniambia polepole kwamba bila majina ile kamati haitaitazama nyumba mara mbili. Nikamwambia anipe wiki. Hivi ndivyo ninavyokatwa: nikisema, nawauza waliomwamini Mzee, nisiposema, nalala nje.

Jumatano, 2 Aprili
Friji 5, 5. Ndoo ni tano sasa.

Alhamisi, 3 Aprili
Friji 5, 6.
Binti amemleta fundi wa kufuli, amefungua kabati la chini ambalo ufunguo wake Mzee alikufa nao. Mlikuwa na daftari la kwanza kabisa, la kabla sijaolewa, na kijitabu cha michanganyiko. Vimelowa. Ameniachia nivikaushe: karatasi ya shashi kati ya ukurasa na ukurasa, bila haraka. "Mikono yako inajua," akasema.

Jumatatu, 7 Aprili
Friji: asubuhi 5. Jioni sikupima.

Nimefunga duka saa nne asubuhi. Nimebandika "Tunahesabu dawa." Hatuhesabu.

Nilikuwa naweka shashi, ukurasa kwa ukurasa, nikakuta jina Mluzi. Mluzi ni mume wangu. Alipiga mluzi tangu mtoto hadi wiki aliyofariki, na baba yake hakumwita vinginevyo. Nikatabasamu kabisa, mjinga mimi. Nanakili yaliyoandikwa:

"Mluzi, miaka 19. Matubwitubwi. Siku ya sita yameshuka kwenye korodani, zote mbili. Alale, barafu, dawa ya maumivu."

Na chini yake kuna karatasi ya hospitali kubwa iliyobandikwa kwa gundi, ya miaka minne baadaye. Nimezoea kusoma karatasi za maabara, hii niliisoma mara moja tu. Mbegu: hakuna. Kipimo kimerudiwa: hakuna. Tarehe ni miezi mitatu kabla ya harusi yangu. Pembeni, mwandiko wa Mzee, ule mzuri uliosifiwa na kila mtu: "Asiambiwe. Harusi imeshapangwa." Nani asiambiwe, yeye au mimi, hakuandika.

Nilikaa sakafuni. Magoti yalikataa, nikakaa vivyo hivyo.

Kisha nikafungua kijitabu cha michanganyiko. Nilijua ninachotafuta. Jina langu la dawa lilikuwa Mwali. Tangu mwaka wa pili wa ndoa, tumbo lilipokuwa bado tupu, Mzee alinichanganyia mwenyewe kule nyuma dawa yake namba kumi na nne, chungu kama dhambi, kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Miaka tisa. Nilikunywa mpaka meno yakabadilika rangi. Nilikunywa wanawake wenzangu wakiniangalia tumbo sokoni. Nilimwambia ahsante baba, kila asubuhi, ahsante baba.

"Namba 14, kwa Mwali. Maji. Sukari iliyounguzwa, kwa rangi. Kwinini chembe, kwa uchungu. Mafuta ya karafuu tone moja, kwa harufu."

Maji na sukari! Aliiunguza sukari ili nisione. Alitia kwinini ili niamini.

Mzee huyu nilimwogesha alipopooza. Nilimlisha kwa kijiko. Binti wa Mambo ya Kale anataka kumtundika picha mlangoni. Na mimi, jamani, nilikuwa nikiwaambia watu sina baba mwingine.

Jumanne, 8 Aprili
Sikupima.

Jumatano, 9 Aprili
Sikupima. Homa.

Ijumaa, 11 Aprili
Friji 5, 5.
Wifi amekuja, ameniona, amevua viatu. Hakutaja kuuza. Amemwaga ndoo zote tano, akasogeza kitanda pakavu, akanipikia, akakaa mpaka nikala. Ananung'unika wakati wote: "Mtu mzima kufa peke yake kama paka." Huyu ndiye aliyenipa jina la Mti Mkavu mbele ya wageni. Huyu pia ndiye aliyekuwa akinibebea chupa ya namba kumi na nne kutoka kwa baba yake, kila mwezi, na kusimama juu yangu nimeze. Nilimtazama akikamua tambara la sakafu. Alijua? Kwa mara ya kwanza nilifikiri huenda hajui lolote, kwamba na yeye alibebeshwa tu.

Sikumwuliza.

Jumanne, 15 Aprili
Friji 4, 5.
Nimeamua, na nimelala usingizi wa kwanza wa wiki.

Nimechukua wembe mpya na rula ya chuma. Ukurasa wa mtu ni wa mtu. Aliye hai atapewa mkononi. Wa aliyekufa atapewa ndugu wa damu. Kila jina lina ukurasa wake au kurasa zake peke yake, Mzee alikuwa mtaratibu hata kwa maovu. Nakata kwa unyoofu, nakunja mara mbili, natia kwenye bahasha ya vidonge, naandika jina la dawa juu. Fundi cherehani alikuja kuulizia plasta kama zimeletwa. Nikampa Kanzu Fupi wake dirishani.

"Hii nifanyeje?"

"Kama ungetaka dawa ningekuambia mara ngapi kwa siku. Hii fanya utakavyo."

Aliiweka ndani ya kofia, akavaa kofia, akaondoka kwenye mvua.

Jumatano, 16 Aprili
Friji 5, 5. Bahasha kumi na saba. Muuza mkaa kachukua ya mama yake, hakuifungua, kaibusu.

Alhamisi, 17 Aprili
Friji 5, 5.
Mwalimu alikuja saa sita kamili, safari hii na mkewe. Bahasha nikaishika chini ya kaunta. Mke akanyoosha mkono: "Nipe mimi, yeye anapoteza vitu." Nikamtazama mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa. Mke akaitia bahasha kifuani bila kuifungua. "Nilimjua Saa Sita kabla hajanichumbia," akaniambia. "Mwanamume mzima, miaka hamsini anajificha nyuma ya mwavuli." Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, nikawauzia dawa ya kikohozi.

Jumamosi, 19 Aprili
Friji 5, 6. Watu wanapanga foleni hadi kwenye mfereji. Madaftari yanakonda. Najua ninachokata: nakata nyumba yangu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Jumanne, 22 Aprili
Friji 5, 5.
Wifi. Leo alipiga hodi.

"Nasikia unagawa. Na mimi nipe wangu."

Nikampa Pilipili. Ndilo jina alilopewa na babake, na halikuhitaji maelezo. Akaitia mkobani. Kisha nikaweka bahasha ya pili juu ya kaunta. Sitasema uongo humu ndani: kanuni ilikuwa ukurasa wa aliyekufa apewe wa damu, lakini pia nilitaka auone. Nilitaka macho yake yapite pale yalipopita yangu.

"Hii ni ya kaka yako."

Alivaa miwani. Alisoma amesimama, akasoma amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Nikamwekea na kijitabu, kimefunguliwa namba kumi na nne. Watu wawili walikuja dirishani, nikawahudumia, wakaondoka. Bado alikuwa anasoma.

"Baba alijua," akasema.

"Alijua."

"Na ile chupa niliyokuwa nakuletea..."

"Maji na sukari."

Alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Nilikuita Mti Mkavu. Mimi huyu. Nilimwambia kaka aoe mwingine."

"Najua. Nilikuwa jikoni, nawasikia."

"Alikataa."

"Alikataa. Na mimi nimeishi juu ya kule kukataa miaka yote, wifi. Nilijua sina mtoto lakini nina mume aliyekataa kuoa mwingine. Sasa sijui. Sijui kama alinipenda au aliogopa kujulikana. Kama alijua, alinitazama nikinywa uchungu ule akanyamaza. Kama hakujua, alinipenda. Huyu mzee amenivurugia hata hilo."

Wifi akakifunga kijitabu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatukusikiana vizuri. Kisha akasema, "Siku ile alilia. Nilidhani anakulilia wewe."

"Labda."

"Labda," akasema naye.

Hatukukumbatiana, si watu wa hivyo. Alikunja ule ukurasa, akausukuma kwangu. "Mimi ni wa damu lakini wewe ndiye uliyekunywa. Kaa nao." Mlangoni akageuka. "Mwenye Saruji nitamwambia asubiri. Sisemi sitauza. Nasema asubiri."

Ijumaa, 25 Aprili
Friji 5, 5. Ukurasa wa Mluzi nimeuchoma jikoni, mchana kweupe. Aliyeuandika alisema asiambiwe, na mwenyewe hayupo tena kuulizwa. Karatasi ile haikuwa na jibu ninalolitaka.

Jumatatu, 28 Aprili
Friji 5, 5.
Binti wa Mambo ya Kale amefungua madaftari, akakuta majalada na vipande vya mishono. Alilia kama mtoto aliyevunjiwa kitu. "Bi Dawa, umeiua nyumba. Kamati ni keshokutwa. Umeiua kwa mkono wako."

"Kaa. Kiti kile hakiyumbi."

"Nitawapelekea nini? Droo?"

Nikamwekea kurasa za Mwali. Miaka tisa, kurasa ishirini na mbili, mwandiko safi, na kijitabu cha namba kumi na nne kando yake. "Jina moja nitakutajia. Washa kinasa chako. Mwali ni mimi. Wengine wamechukua zao. Hizi ni zangu, natoa nipendavyo."

Nilisema kila kitu isipokuwa ugonjwa wa mume wangu. Nilisema tu: sikuwa mgonjwa, na aliyenipa dawa alijua. Asipoelewa atakayesikiliza, basi tena. Binti aliacha kulia katikati. Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile picha yake, bado tuitundike mlangoni?"

Nilifikiri sana. Mwaka wa kipindupindu mtu yule hakulala siku kumi na moja, aliokoa nusu ya mji huu, na wengine ndio wanaonunua plasta kwangu. "Itundike," nikasema. "Lakini si mlangoni. Itundike pale atakapozitazama kurasa hizi."

Jumatano, 30 Aprili
Friji 5, 5. Kamati imekaa. Kimya.

Jumatano, 7 Mei
Friji 5, 5. Kimya. Ndoo mbili tu.

Jumanne, 20 Mei
Friji 4, 5.
Mvua imekwisha tangu Ijumaa.

Barua imefika. Wameiingiza. Haivunjwi na mtu. Binti anasema mjumbe mmoja mzee, mwanamke, aliusoma ukurasa wa kwanza wa Mwali, akavua miwani, akawaambia wenzake hana haja ya kuona droo. Mwenye Saruji ametafuta kiwanja kingine, na wifi ananinunia kwa hilo, ila ananinunia akiwa kwenye benchi langu, anachambua mboga. Amesema atakuja kila Jumanne. Sikumwomba. Paa, kumbe, litabaki kuwa kazi yangu mimi. Serikali inalinda nyumba, hailindi kichwa cha mtu.

Leo binti alikuja na sanduku la kioo la kuwekea kurasa. Alivaa glavu nyeupe, akaniomba na mimi nisiziguse tena. "Sasa ni mali ya taifa, Bi Dawa. Hata nukta haiongezwi."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yanaruka. Kila ukurasa wa Mzee una safu ya mwisho, "Matokeo." Kwa wengine aliandika: amepona, amefariki, hakurudi. Kwa Mwali, miaka tisa, safu ile aliiacha wazi. Hakuwa na cha kuandika. Angeandika nini?

"Nenda kapime dirisha," nikamwambia binti.

"Nilishalipima mara tatu."

"Pima tena."

Alinitazama, akaitazama kalamu sikioni mwangu. Akavua glavu, akaenda dirishani, akanipa mgongo na kuanza kutaja namba kwa sauti kubwa. Wifi akaacha kuchambua mboga.

Niliandika kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kawaida tu, kama ninavyoandika lebo: Hakuwa mgonjwa.

Nikapuliza wino ukauke. Kisha nikamwachia binti afunge kioo, kwa sababu fundi cherehani alikuwa anagonga, safari hii kajikata kweli.